Jina la Maabara Halitakuandikia Barua

Kijana yeyote wa Afrika Mashariki anayejiandaa kuomba nafasi ya uzamivu wa fizikia Marekani ameshausikia ushauri huu: tafuta maabara yenye jina, chagua mapema tawi utakalobobea, hakikisha una makala iliyochapishwa, kusanya miradi mingi, na ukikosa vyote hivyo, subiri ufike ng'ambo. Unatolewa kwenye semina za masomo ya nje, unarudiwa na kaka na dada waliotangulia, na unapokelewa Dar es Salaam, Nairobi na Kigali kana kwamba ndizo kanuni za udahili zenyewe. Nimeusikiliza hoja kwa hoja. Naamini sehemu yake kubwa ni potofu, na wanaoumia zaidi ni wale ambao nafasi zao za kuchagua ni chache. Nawaomba wasomaji mkae kama mahakimu. Nitaieleza kila hoja jinsi watetezi wake wanavyoieleza, kisha mpime kama inasimama.

Kwanza yale yasiyobishaniwa. Idara nyingi za fizikia za Marekani humpokea mtu kwenye uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Masomo huchukua miaka mitano, sita au zaidi, ada husamehewa, na mwanafunzi hulipwa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti. Maombi mengi hufungwa Desemba, na aliyepewa nafasi kwa kawaida ana muda wa kujibu hadi tarehe 15 Aprili. Faili lina matokeo ya masomo, maelezo ya mwombaji mwenyewe na barua za mapendekezo, kwa kawaida tatu. Mtihani wa GRE wa fizikia, uliowazuia wengi kwa miaka, idara nyingi ziliacha kuudai au ziliufanya wa hiari kuanzia 2020. Uzito uliokuwa juu ya mtihani huo haukupotea. Ulihamia kwenye utafiti wa mwombaji na kwenye barua za watu waliomwona akiufanya. Kwa hiyo swali la utafiti upi uchague ni swali zito, na majibu mepesi yana gharama.

Tuanze na hoja ya jina. Watetezi wake wanasema hivi: kamati ya udahili ina mafaili mamia na muda mfupi; jina la taasisi kubwa huonekana haraka; na barua ya mwanafizikia anayefahamika huaminika kwa sababu wanakamati wanamjua aliyeiandika. Yote hayo ni kweli. Kasoro iko kwenye hatua inayofuata, pale wanapohitimisha kwamba kukaa kwenye maabara ya mtu maarufu ni sawa na kupata barua yake nzuri. Mwanafunzi wa likizo katika kundi kubwa hufundishwa kila siku na mwanafunzi wa uzamivu au mtafiti kijana. Profesa mwenye jina anaweza kumwona siku ya kukaribishwa na siku ya kuwasilisha matokeo. Ataandika nini?

Chukueni barua mbili, ambazo nimezitunga kama mfano. Ya kwanza inatoka kwenye maabara inayojulikana duniani: mwanafunzi alihudhuria programu yetu ya wiki kumi, alijituma, alielewana na wenzake, na uwasilishaji wake ulikuwa mzuri. Ya pili imeandikwa na mhadhiri asiyejulikana nje ya nchi yake, anayepima seli za umeme wa jua juu ya paa la idara: vipimo vyetu vya asubuhi na vya mchana vilikuwa havilingani, nikamwambia asihangaike navyo. Yeye akafunga kipimajoto nyuma ya seli, akarudia vipimo kwa wiki tatu, akanionyesha kwamba volti hushuka kila seli inapopata joto, kisha akaandika programu ndogo ya kusahihisha tofauti hiyo. Sasa maabara nzima inaitumia.

Barua ya kwanza inaeleza programu. Ya pili inaeleza mtu, na mtu huyo ameonyesha mambo yanayotafutwa: alitilia shaka namba, akabuni kipimo, akavumilia, akakabidhi kitu kinachofanya kazi. Kamati haimjui mwandishi wa pili, lakini inaweza kuipima hadithi yake, kwa sababu mwanafizikia yeyote anajua seli ya silikoni hupoteza volti inapopata joto. Ushahidi unaoweza kukaguliwa una nguvu kuliko sifa isiyoweza kukaguliwa.

Hoja ya jina ina kosa jingine, nalo ni kubwa zaidi kwa wasomaji wetu. Mlango unaotajwa mara nyingi ni REU, programu ya utafiti wa likizo inayofadhiliwa na Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani tangu 1987. Ufadhili wake ni kwa raia wa Marekani na wakazi wa kudumu. Kumwambia mwanafunzi wa Morogoro au Eldoret ajenge mpango wake juu ya REU ni kumwelekeza kwenye mlango uliofungwa kwa sheria. Iko milango mingine. CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyo karibu na Geneva, ina nafasi za likizo hata kwa wanafunzi wa nchi zisizo wanachama, na taasisi ya OIST ya Okinawa, Japani, hupokea watafiti wanafunzi wa uraia wowote na kuwagharamia. Aombe huko, tena aombe mapema. Lakini ushindani ni mkali, na mpango wenye mguu mmoja tu, ulio nje ya nchi, huanguka siku jibu la kukataliwa linapofika.

Hoja ya pili ni ya tawi. Wanasema: ukitaka kusoma chembe za msingi, utafiti wako uwe wa chembe, ukitaka astronomia, uwe wa astronomia, vinginevyo kamati itakuona hujui unachotaka. Hapa pia kuna punje ya ukweli. Anayeandika kwamba ndoto yake ni nadharia ya nyuzi bila kuonyesha hisabati yoyote nzito hatashawishi mtu. Lakini tazameni muundo wa masomo yenyewe. Uzamivu wa Marekani huanza na mwaka mmoja au miwili ya kozi, na wengi humpata msimamizi wao ndani ya kipindi hicho. Mfumo umejengwa ukijua kwamba watu watabadilisha mwelekeo. Kwa nini basi umdai mwombaji wa miaka ishirini na miwili uamuzi ambao chuo chenyewe kimempa muda wa kuuchelewesha?

Zaidi ya hapo, stadi za utafiti hazibaki kwenye tawi zilikozaliwa. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, akiwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge, aliona alama ndogo ya ajabu kwenye chati za darubini ya redio. Darubini ile ilikuwa imejengwa kuchunguza kwasa. Alichokigundua ni pulsa, nyota ambazo hakuna aliyekuwa akizitafuta. Aliweza kuiona alama ile kwa sababu alikuwa ameshiriki kwa miaka miwili kuijenga darubini na alikuwa akisoma kwa macho yake karibu mita 30 za karatasi kila siku, hivyo alijua makosa ya chombo chake yanavyoonekana, na akajua kwamba lile si mojawapo. Ujuzi huo, wa kutofautisha kosa la chombo na jambo la kweli, hujifunzwa kwenye seli ya jua, kwenye kipima mionzi hospitalini, au kwenye takwimu za mvua. Mwenye nao anahama nao.

Sasa ya tatu, makala. Hii naipinga kwa ukali zaidi, kwa sababu imeanza kuwaingiza vijana mikononi mwa matapeli. Hoja yenyewe, ikielezwa kwa haki, ni kwamba makala iliyochapishwa ni ushahidi uliopita mikononi mwa wakaguzi huru, hivyo inathibitisha kazi kuliko maneno. Ni kweli, ikiwa jarida lina wakaguzi na ikiwa mchango wa mwanafunzi unajulikana. Masharti hayo mawili mara nyingi hayatimii.

Tuangalie sharti la mchango. Mwaka 2015 makundi ya ATLAS na CMS ya CERN yalichapisha kwa pamoja kipimo cha tungamo la chembe ya Higgs. Makala ilikuwa na waandishi 5,154. Kati ya kurasa zake 33, kurasa 24 zilikuwa orodha ya majina na taasisi. Ni kazi adhimu ya fizikia, na kila jina lile lina sababu ya kuwapo. Lakini jina lililomo katika orodha ya 5,154 haliwezi, peke yake, kueleza mwenye jina alifanya nini. Kamati italazimika kurudi kwenye barua ya msimamizi. Basi watetezi wa ushauri huu wajibu: wanasema ingia kwenye kundi kubwa lenye jina, na papo hapo wanasema upate makala itakayothibitisha uwezo wako binafsi. Kadiri kundi linavyokuwa kubwa, ndivyo makala yake inavyosema machache kuhusu mtu mmoja. Hoja yao ya kwanza na ya tatu zinapingana.

Na sharti la wakaguzi? Wapo wanaotoza ada kwa ahadi ya utafiti na makala kwa muda maalumu, na yapo majarida yanayopokea pesa na kuchapisha bila mkaguzi kuisoma kazi. Mwanafizikia anayesoma faili huyafahamu majarida ya fani yake. Makala ya namna hiyo inamwambia kwamba mwombaji hajui kutofautisha jarida la kweli na duka, au anajua na hajali. Familia inayochangishana pesa kwa ajili hiyo inanunua dosari. Ripoti ya kurasa kumi na tano iliyoandikwa vizuri, yenye grafu zenye vipimo vya makosa, ambayo msimamizi anaitaja kwenye barua yake, ina thamani kubwa kuliko makala hiyo na haina gharama.

Hoja ya nne, miradi mingi, haihitaji maneno mengi. Wanasema wingi unaonyesha udadisi na upana. Lakini ni walewale waliosema chagua tawi mapema. Ama upana ni sifa, na hoja ya tawi inaanguka, ama kubobea ni sifa, na hoja ya wingi inaanguka. Kwa upande wangu, naona tatizo ni muda. Wiki nne za kwanza za mradi wowote huishia kwenye kuweka programu, kusoma, na kuuliza maswali ya mwanzo. Anayehama kila baada ya wiki sita anarudia mwanzo mara nyingi na hajawahi kufika mahali ambapo kitu kinakataa kufanya kazi na hakuna anayejua sababu. Huko ndiko utafiti uliko. Hali ni hiyohiyo kwa shule fupi na vyeti vya kushiriki. Shule ya Fizikia ya Afrika, iliyoanza Stellenbosch mwaka 2010 na kufika Kigali mwaka 2016, inafungua macho na inakutanisha watu, na namhimiza kila anayeweza aende. Ila ni shule, na kwenye faili iandikwe kama shule.

Hoja ya tano inasema nadharia ndiyo inayotufaa, kwa kuwa inahitaji kalamu na karatasi tu. Anayesema hivi hajahesabu gharama nyingine. Nadharia ya chembe au ya mvutano inadai kozi ambazo kwa kawaida hufundishwa baada ya shahada ya kwanza, ilhali mwanafunzi wa mwaka wa tatu ametoka kumaliza mekanika ya kwanta ya mwanzo. Kinachoitwa utafiti wa nadharia katika ngazi hiyo mara nyingi ni usomaji. Usomaji ni mwema, lakini barua itasema kwamba alisoma. Mwenye mapenzi na nadharia aombe mradi wa kukokotoa kwa kompyuta, ambako swali dogo linaweza kujibiwa kwa miezi mitatu na jibu likakaguliwa.

Nimeiacha hoja ya sita hadi sasa kwa sababu inanigusa kuliko zote: kwetu hakuna utafiti wa fizikia wa kumfikisha mtu popote, kwa hiyo subiri. Watetezi wake hawasemi uongo kuhusu hali. Vifaa ni vichache, umeme hukatika, wahadhiri wana madarasa makubwa, na chombo kikiharibika kipuri huchelewa. Lakini kutoka kwenye uchache wa vifaa hadi kwenye ukosefu wa utafiti kuna hatua ambayo hawajaithibitisha, na historia yetu inaipinga.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Tanganyika, alitumbukiza kwenye friza mchanganyiko wa maziwa ukiwa bado wa moto, kwa kuhofia kukosa nafasi. Ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lilelile Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Osborne hakulitupa, aliporudi chuoni alilifanyia majaribio. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education. Athari hiyo inaitwa ya Mpemba hadi leo, na bado ina ubishi. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walirudia vipimo, wakasema hawakupata ushahidi wa maana wa kuiunga mkono, na wakaonyesha kwamba mahali kipimajoto kinapowekwa ndani ya chombo panaweza kubadilisha hitimisho. Angalieni kilichobishaniwa kwa zaidi ya nusu karne: maji, friza, na mahali pa kuweka kipimajoto. Sisemi kila mwanafunzi arudie friza. Nasema kwamba kilichomfikisha Mpemba ni swali alilokataa kuliacha na mtu mzima mmoja aliyekubali kulipima pamoja naye. Kati ya hayo mawili hakuna linaloagizwa kwa meli.

Na leo data zenyewe zinatufuata. Tarehe 14 Septemba 2015 vigunduzi viwili vya LIGO, kimoja Hanford, Washington, kingine Livingston, Louisiana, vilinasa mawimbi ya mvutano kutoka kwa mashimo meusi mawili yaliyoungana. Data za tukio hilo ziko wazi kwa kila mtu. Mwanafunzi aliye na kompyuta mpakato anapakua faili fupi la sekunde 32, analifungua kwa Python, na haoni chochote ila kelele. Akiondoa masafa yaliyo chini ya hezi 35 na yaliyo juu ya 350, pamoja na mistari ya kelele za vyombo, wimbi linajitokeza: mizunguko takriban minane ndani ya sekunde 0.2, masafa yakipanda kutoka hezi 35 hadi karibu 150. Linaonekana Livingston kwanza, kisha Hanford milisekunde 7 baadaye. Vituo viko umbali wa takriban kilomita 3,000, ambao nuru huukata kwa milisekunde 10, kwa hiyo 7 inakubalika.

Mpaka hapo amerudia yanayojulikana. Utafiti unaanza anapouliza: nikibadilisha kichujio, zile milisekunde 7 zinasogea kwa kiasi gani? Nikitumia njia ileile kwenye vipande mia vya kelele visivyo na wimbi, nitadhani nimeona wimbi mara ngapi? Mhadhiri aliyeko Dodoma anaweza kusimamia maswali hayo hata kama hajawahi kufanya kazi LIGO, kwa sababu ni maswali ya takwimu na ya uaminifu. Na asiyependa kompyuta ana kwingine pa kugonga hodi. Idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina historia ndefu ya kutafiti vifaa vya nishati ya jua. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania ina maabara Arusha. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road hutibu kwa mionzi, na mionzi inahitaji kupimwa kwa usahihi kila siku.

Imebaki hoja ya saba, inayosemwa kwa upole na kuharibu kimyakimya: usihangaike sasa, utafiti utaupata kwenye mradi wa mwaka wa mwisho. Tufanye hesabu. Shahada ya sayansi Tanzania huchukua miaka mitatu, na mwaka wa masomo huanza Oktoba au Novemba. Mradi wa mwaka wa mwisho unaanza kushika kasi wakati huohuo. Maombi ya Marekani yanafungwa Desemba. Msimamizi anayeombwa barua mwishoni mwa Novemba atakuwa amemwona mwanafunzi kwa wiki chache, pengine akiwa bado anachagua mada. Mmarekani anayeshindana naye husoma miaka minne, na ana likizo tatu ndefu nyuma yake. Mkenya, mwenye miaka minne pia, ana nafasi nzuri kidogo. Kwa Mtanzania kuna njia mbili tu za kweli. Ya kwanza ni kumwendea mhadhiri katika mwaka wa pili na kuomba kwamba wiki za mafunzo kwa vitendo zifanyike kwenye maabara yake, kisha mradi wa mwaka wa mwisho uendeleze kazi hiyohiyo, ili Desemba ikifika barua iwe na miezi ya kueleza. Ya pili ni kumaliza shahada kwanza na kuomba Desemba inayofuata, mradi ukiwa umekamilika na msimamizi akiwa ameona mwanzo na mwisho wake. Muda huo wa katikati unaweza kupitia stashahada ya ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, inayochukua mwaka mmoja na kuwalenga vijana wa nchi zinazoendelea, au shahada ya uzamili katika EAIFR, taasisi dada ya ICTP iliyoko Chuo Kikuu cha Rwanda, Kigali, tangu 2018. Wazazi watauliza kwa nini mtoto hajaenda bado. Waonyeshwe kalenda hiyo, mwezi kwa mwezi.